Usiku Mmoja, Visa Vingi: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Filamu ya Halloween Inayotisha na Kuchekesha

Filamu nyingi za mkusanyiko, yaani filamu moja iliyobeba visa vifupi kadhaa, huchosha kwa sababu moja: visa havina kinachoviunganisha zaidi ya jina la filamu. Kisa cha pili kikiisha, mtazamaji anaanza kuhesabu vimebaki vingapi. Usiku wa Oktoba 31, yaani Halloween, ambapo watoto waliovaa mavazi ya kutisha hupita nyumba hadi nyumba wakiomba pipi, unakuondolea tatizo hilo kabla hujaandika neno. Una saa zake, mavazi yake na adabu zake, na kila mtu mtaani ama anazifuata au anazivunja. Ndiyo maana nashikilia kwamba mwandishi wa filamu hizi asianze na visa. Aanze na sheria za usiku. Akishazipata, visa vitajileta, kicheko kitapata pa kukaa, na hofu itakuwa na sababu.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuandika skripti na kuipiga kwa bajeti ndogo, hasa kama anaishi Marekani au Kanada, ambako majirani humpambia lokesheni, yaani mahali pa kupigia filamu, bila yeye kutoa senti.

Hatua ya 1: Tazama mbili, kalamu mkononi

Usitazame ishirini. Tazama mbili, kila moja mara mbili. Ya kwanza ni Trick 'r Treat ya Michael Dougherty, iliyokamilika 2007. Ina dakika 82 na inatokea katika mji wa kubuni wa Warren Valley, Ohio. Visa vyake vinaingiliana: mhusika mkuu wa kisa hiki anapita nyuma ya kisa kile, na saa zinarudi nyuma na kwenda mbele. Ya pili ni Tales of Halloween ya 2015, wazo lake Axelle Carolyn, yenye visa kumi na waongozaji kumi na mmoja. Humo kisa kinaisha ndipo kingine kianze, na kinachovishikilia ni sauti ya mtangazaji wa redio ya usiku, Adrienne Barbeau, mwigizaji yule yule aliyekuwa mtangazaji wa redio katika The Fog ya 1980. Hizi ndizo njia mbili kuu. Kabla ya kuandika unapaswa kujua unafuata ipi.

Mara ya kwanza tazama kwa starehe. Mara ya pili simamisha kila unapocheka na uandike mambo matatu: ni saa ngapi ndani ya hadithi, nani anajua nini, na ni adabu gani imevunjwa.

Nikupe mfano mmoja unaostahili kukaa nao jioni nzima. Katika Trick 'r Treat kuna mwalimu mkuu, Wilkins, anayehangaika kuficha maovu yake uani. Jirani yake, mzee Kreeg, ni mnuni asiyetaka kusumbuliwa. Baadaye Kreeg anatokea dirishani akipiga kioo na kuomba msaada kwa kelele. Wilkins anampuuza, nasi tunacheka, maana tumeshamwona mzee kuwa kero. Filamu ikifika kwenye kisa cha Kreeg mwenyewe, tunaingia ndani ya nyumba ile na kuona kilichokuwa kikimkimbiza. Ni dakika ile ile ya usiku, imeonyeshwa mara mbili. Kilichobadilika ni upande wa kioo ambao kamera imesimama. Hii ndiyo faida ya visa vinavyoingiliana: kicheko cha kisa cha kwanza kinakuwa deni, na kisa cha nne kinakuja kulidai.

Hatua ya 2: Andika sheria za usiku

Chukua karatasi moja na uandike adabu ambazo Wamarekani wanazifuata usiku ule hata kama hakuna aliyeziandika. Taa ya barazani ikiwaka, watoto wanakaribishwa. Ikizimwa, usibishe hodi. Bakuli la pipi likiachwa nje bila mtu, chukua moja. Anayeomba pipi awe amevaa vazi. Mzazi akague pipi kabla mtoto hajala. Boga lililochongwa liachwe liwake. Usimpokonye mtoto mwingine mfuko wake.

Sasa zigeuze kuwa sheria zenye adhabu. Dougherty alifanya hivyo waziwazi. Filamu yake inafunguliwa na mwanamke aliyechoka na sherehe anayezima mshumaa wa boga mapema, ingawa mumewe anamwonya. Muda mfupi baadaye mwili wake umefunikwa shuka katikati ya mapambo ya uani, kama moja ya maiti za bandia zilizojaa humo, mpaka mumewe anapougundua. Ndani ya dakika chache tumefundishwa sheria, adhabu, na aina ya kicheko tutakachoshirikishwa.

Chagua sheria tano zako, na kila moja iwe mbegu ya kisa kimoja. Mtu mzima anayezima taa ya baraza huku amekaa sebuleni akila pipi alizonunua kwa ajili ya watoto ni kisa. Vijana wa miaka kumi na saba wanaowapora wadogo ni kisa. Majirani wawili wanaogombana nani kapamba zaidi ni kisa, na hicho kimo tayari katika Tales of Halloween, kwa hiyo tafuta chako.

Mtindo wa mkosaji kuadhibiwa kwa namna inayolingana na kosa lake ulikomazwa na vitabu vya katuni vya kampuni ya EC mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wasimulizi wao wa kutisha walitania kabla na baada ya kila kisa. Damu nyingi, utani mwingi, na mwisho unaomkuta anayestahili. Halloween imerithi mtindo huo moja kwa moja.

Hapa naweka mpaka ambao sitaki uuvuke. Hofu ya pipi zenye sumu ina historia halisi: mwaka 1974 huko Deer Park, Texas, baba mmoja alimpa mwanawe wa miaka 8 peremende ya unga iliyotiwa sianidi ili apate fedha za bima, na mtoto akafa. Baba huyo aliuawa kwa sindano ya sumu mwaka 1984, baada ya kuhukumiwa kifo. Mwanasosholojia Joel Best amefuatilia madai ya watu baki kuwawekea watoto sumu, na hakupata ushahidi kwamba ni jambo linalotokea. Itumie hofu hiyo kama hofu ya wahusika. Usikigeuze kifo cha mtoto halisi kuwa mzaha, hata kwa kudokeza.

Hatua ya 3: Chora saa na ramani

Usiku huu una tabaka. Tangu 2007 saa za Marekani hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo Oktoba 31 jua bado linachelewa kidogo: katika miji mingi linazama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu jioni. Wanaotoka mwanzo ni watoto wadogo, wazazi nyuma yao na tochi. Saa mbili usiku wadogo wanarudi nyumbani, wakubwa wanabaki barabarani. Saa tatu taa za baraza zinaanza kuzimwa. Kuanzia hapo usiku ni wa sherehe za watu wazima, wa walevi, na wa wasiotaka kwenda kulala.

Kila kisa kipe tabaka lake. Vya kuchekesha zaidi vikae katika saa za watoto, maana mtaa umejaa na mwanga upo. Cha kutisha zaidi kianze wakati barabara imebaki tupu na mapambo yameachwa yakipepea peke yake.

Halafu ramani. Mtaa mmoja, nyumba nane au kumi, makutano moja, sehemu moja ya msitu au kiwanja kitupu. Weka alama pale kila kisa kinapopita. Visa viwili vikipita mahali pamoja kwa saa moja, umepata mkutano wa bure: mhusika wa kisa cha tatu amebeba boga, anakatiza mbele ya gari la kisa cha kwanza. Mikutano minne ya namna hiyo inatosha filamu nzima. Ikizidi, mtazamaji anaacha kuogopa na kuanza kutafuta vidokezo.

Hatua ya 4: Idadi na mpangilio wa visa

Kwa filamu ya kwanza napendekeza visa vitano. Kumi, kama ilivyokuwa kwa Tales of Halloween, vinakupa takriban dakika tisa kila kimoja, na dakika tisa zinadai mwandishi anayejua kubana. Vitano vya wastani wa dakika kumi na tano, ukijumlisha uzi unaoviunganisha, vinakufikisha dakika 85. Visilingane urefu. Kimoja kiwe cha dakika sita, utani mmoja mrefu wenye mwisho mbaya. Kimoja kiwe cha dakika ishirini na mbili, chenye watu tunaowajali.

Kuhusu mpangilio, funzo bora linatoka kwenye filamu isiyohusu Halloween kabisa. Dead of Night ya studio ya Ealing, Uingereza, 1945, imeweka kisa cha vichekesho cha wacheza gofu mara tu kabla ya kisa cha mwanasesere anayezungumza, ambacho ndicho cha kutisha kuliko vyote. Kicheko kimewalegeza watu mabega, kisha hofu inaingia. Nakushauri ufanye hivyo hivyo: kisa cha kipuuzi kuliko vyote kikae kabla ya kile kizito kuliko vyote, na usiweke viwili vya kipuuzi mfululizo.

Hatua ya 5: Kitu kisichobadilika

Mwaka 1982 John Carpenter na Debra Hill walijaribu kuugeuza mfululizo wa Halloween kuwa mkusanyiko, kila filamu na hadithi mpya ya usiku ule. Wakatoa Halloween III bila Michael Myers, muuaji wa filamu mbili za kwanza, watazamaji wakakasirika, mpango ukaachwa. Mimi naipenda filamu ile, lakini somo lake liko wazi: watu wanahitaji sura au sauti ya kurejea kwayo.

Katika Trick 'r Treat ni Sam, mtoto aliyefunika kichwa kwa gunia na kuvaa nguo za kulalia za rangi ya chungwa, ambaye Dougherty alikuwa ameshamchora katika katuni fupi ya mwaka 1996. Sam hasemi wala haelezi chochote. Yupo tu pembeni ya kisa, anatazama nani kavunja nini. Mbunie wako kwa kanuni tatu: atambulike kwa kivuli chake tu, aonekane katika kila kisa hata kwa sekunde tatu, na asiingilie kati mpaka sheria ivunjwe mbele yake.

Kama tayari una filamu fupi ulizopiga miaka ya nyuma, unaweza kuzikusanya chini ya uzi mpya. Damien Leone alifanya hivyo katika All Hallows' Eve ya 2013: mlezi na watoto wawili wanakuta mkanda wa video ndani ya mfuko wa pipi, wanautazama, na ndani yake zimo kazi zake fupi za awali zilizounganishwa na klauni wa kutisha aitwaye Art. Filamu hiyo haina vichekesho vingi, ila kwa mtu asiye na fedha ni njia halali kabisa.

Hatua ya 6: Mlango

Hapa ndipo filamu inapofaulu au kuanguka, kwa hiyo tutakaa.

Siku zote nyingine za mwaka, mgeni aliyeficha uso akibisha hodi usiku, watu wanaita polisi. Usiku huu wanafungua wakitabasamu na kumpa peremende. Aliye nje hajui nani anafungua, aliye ndani hajui nani kabisha. Pande zote mbili zimekubaliana kutoogopana. Mpe mwandishi hali hiyo na amepewa nusu ya filamu.

Kila sini (onyesho) ya mlango iandike kwa kuuliza: mtazamaji anajua nini kuliko wahusika? Ukitaka hofu, mpe mtazamaji habari ambayo mwenye nyumba hana, halafu chelewesha mkono kwenye kitasa. Ukitaka kicheko, mpe mwenye nyumba sababu ya maana kabisa ya kutoelewa anachokiona. Ukitaka vyote viwili, fanya yote mawili katika shoti moja, usikate.

Nionyeshe kwa sini niliyoibuni kwa ajili ya mwongozo huu. Tuko Lexington, Kentucky, mji ambao Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili wamehamia. Mama mmoja amefika Marekani miezi miwili iliyopita, watoto wake wako shule ya jirani, na hakuna aliyemweleza habari za Oktoba 31. Mlango unagongwa. Anafungua. Barazani kuna mtoto mwenye shoka kichwani, mwingine mwenye meno ya damu, na nyuma yao wa tatu, aliyefunikwa matope, miguu mitupu. Mama anawatazama mmoja mmoja.

"Karibuni. Muko batoto ya nani?"

Wawili wananyoosha mifuko. Anaingia jikoni, anarudi na sinia la mandazi ya moto, anawapa. Wanatazamana, wanashukuru, wanaondoka. Wa tatu amebaki. Hajaleta mfuko. Mama anainama kidogo.

"Mtoto wangu, viatu yako iko wapi? Baridi iko nyingi."

Anavua kandambili zake, anaziweka chini mbele ya ile miguu. Kamera inashuka nazo. Hapo ndipo tunaona kwamba miguu ile haigusi sakafu.

Angalia kazi iliyofanyika. Tumecheka kwa sababu mama ana akili zake timamu kuliko mtaa mzima: mtoto aliyeumia anapewa chakula, mtoto asiye na viatu anapewa viatu. Hakuna aliyemcheka yeye. Ametii sheria kuu ya usiku, mlishe anayebisha, bila kujua kwamba ni sheria. Kisa kinachofuata ni cha jirani yake aliyezima taa na kujifungia, na mtoto yule yule anakatiza bustani kuelekea kwake akiwa amevaa kandambili. Kandambili ndizo uzi. Sauti yake kwenye saruji, tap, tap, itatisha kuliko muziki wowote utakaonunua.

Hatua ya 7: Skripti

Ukurasa mmoja kwa dakika moja ndiyo kadirio la kawaida. Andika kila kisa peke yake kwanza, kiwe na mwanzo na mwisho wake, ndipo uvikate na kuvisuka. Anayesuka kabla ya kumaliza huficha udhaifu wa visa kwa ujanja wa mpangilio, na utaonekana tu. Maneno yawe machache. Wahusika wasitanie kuhusu hofu yao wakati hatari ipo mbele yao; wao wanaogopa kweli, kicheko ni chetu.

Hatua ya 8: Kupiga

Piga Novemba. Wiki ya mwisho ya Oktoba toka na kamera ndogo ukusanye shoti za mitaa iliyopambwa, mapazia yenye taa, barabara yenye majani makavu. Usirekodi nyuso za watoto wa watu bila idhini ya wazazi. Kuanzia Novemba 1 mavazi na mapambo yanashushwa bei madukani, nunua hapo. Saa zikisharudishwa nyuma, giza linaingia mapema, na katikati ya mwezi utakuwa na usiku kamili kuanzia saa kumi na mbili jioni. Hiyo ni zawadi kubwa kwa filamu yenye watoto. Sini zao zote zipige mwanzo wa usiku, kwa kufuata sheria ya jimbo lako kuhusu saa za kazi za watoto, halafu waende kulala na watu wazima waendelee.

Waarifu majirani na kituo cha polisi cha eneo lako kabla ya usiku wa kelele. Mtu akipiga mayowe saa nne usiku mwezi Novemba, hakuna atakayedhani ni Halloween.

Boga halisi likishachongwa linanyauka na kuota ukungu ndani ya siku chache. Kwa boga linaloonekana katika sini nyingi, nunua la povu gumu na ulichonge mara moja tu. Ya halisi yaweke nyuma, uyabadilishe. Ndani tumia taa ndogo ya betri yenye rangi ya joto badala ya mshumaa, uweze kuiongeza mwanga bila kuunguza kitu. Kisha weka mwanga wa ubaridi wa buluu hafifu kwa mbali, juu, kama mbalamwezi. Chungwa mbele, buluu nyuma: macho ya mtazamaji yatajua ni usiku gani bila kuambiwa.

Damu: shira ya mahindi nyeupe, rangi nyekundu ya chakula, na unga kidogo wa kakao. Kakao ndiyo siri, inaondoa uwaridi na kuifanya nzito. Koroga kakao kwanza na maji ya vuguvugu kidogo isije ikashika mabonge. Jaribu rangi chini ya taa utakayotumia, kwani chini ya mwanga wa buluu nyekundu angavu huonekana nyeusi. Damu ya nguo unaweza kuitia tone la sabuni ya vyombo ili itoke kwa urahisi, lakini isikaribie mdomo wala macho ya mwigizaji. Rangi ya chakula inaacha doa, kwa hiyo kila vazi litakalopata damu liwe na pacha wake.

Hatua ya 9: Uhariri na sauti

Anza kuhariri visa kimoja kimoja. Ukishapata kila kimoja, andika sini zote kwenye vipande vya karatasi, rangi moja kwa kisa, uvitandaze sakafuni na uvisogeze. Sini ya kutisha inayolegea mara nyingi inahitaji kupunguzwa muziki na kuongezwa kimya. Sini ya kuchekesha inayolegea inahitaji kukatwa fremu chache baada ya tendo, kabla mwigizaji hajaonyesha kwamba anajua kafanya mzaha.

Onyesha watu kumi ambao hawakuhusika. Kaa mbele pembeni, watazame wao. Palipo na kicheko usipokitarajia, acha. Palipo na simu zinazotolewa mfukoni, kata.

Hatua ya 10: Kalenda

Trick 'r Treat ilipangiwa Oktoba 2007, ikawekwa kando, ikatoka kwenye diski Oktoba 2009. Kilichoiokoa ni kwamba ilipotoka, ilitoka mwezi wake, na tangu hapo watu wanairudia kila mwaka. Kwa hiyo hesabu kinyumenyume: ukipiga Novemba, hariri hadi Machi, tuma maombi ya matamasha majira ya kuchipua. Tales of Halloween ilizinduliwa Fantasia, Montreal, mwezi Julai. FrightFest ya London huwa mwishoni mwa Agosti. Ukipata nafasi moja tu kati ya hizo, utakuwa na bango na maoni ya watazamaji kufikia Septemba, wakati watu wanaanza kutafuta cha kutazama. Ukikosa dirisha hilo, usiitoe Desemba kwa kukosa subira. Rekebisha sauti, tengeneza trela nyingine, subiri Oktoba ijayo.